Nilivyosugua Sufuria ya Watu London

Wenzangu, leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, hapa hapa London, mbele ya Wazungu, mbele ya wajukuu zangu, mbele ya mkwe wangu aliyevaa kofia nyeupe kama kawa la kufunikia wali.

Nawaandikia mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Shule niliishia la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililisoma mguu mmoja uko mlangoni. Lakini hili siwezi kumwachia mtu mwingine alieleze. Rajabu akilieleza atacheka katikati.

Nianzie mbali kidogo. Mnajua niko kwa mwanangu Rajabu, Hounslow, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zinapita juu ya paa mpaka chai inacheza kikombeni. Rajabu kazi yake ni kupakia mizigo huko uwanjani. Mkewe ni Mwanaidi, mtoto wa Pangani, mpole, maneno machache. Wana watoto wawili, Yusra wa miaka tisa na Idi wa minne. Huyu Yusra Kiswahili anakisikia chote, hata ukimsema kwa kunong'ona chumba cha pili, lakini majibu yake ni Kiingereza mwanzo mwisho. Mimi nampa changu, yeye ananipa chake, tunakula tunalala.

Sasa shule zimefungwa, likizo ya baridi. Watu wa huku ni wa ajabu. Baridi ikikaza ndiyo wanatoka matembezi. Rajabu akaomba siku kazini, akasema, mama, wiki hii tunatembea, nataka uione London ya kale. Nikasema haya. Tumeenda kwenye ngome ya wafalme, kuna mahali wanakuonyesha malkia alipokatwa kichwa, na watu wamepanga foleni kwenye upepo ule na watoto wao kwenda kutazama. Tumeenda kwenye uwanja wa barafu, watu wazima wenye akili zao wanaingia wenyewe kwenda kuanguka. (Mimi nilikuwa benchi, nimeshika viatu vya familia nzima kama msikitini.) Tumezunguka kutazama taa za barabarani, nzuri kweli, lakini shingo ikakataa kurudi chini.

Mkija na watoto huku wakati wa baridi, nendeni makumbusho. Nawaambia kwa faida yenu. Ndani kuna joto, vyoo visafi, na viti vipo. Mtu akiniuliza nimeona nini makumbusho, mimi nitamweleza viti.

Haya. Leo ilikuwa zamu ya nyumba anayofanya kazi Mwanaidi.

Ni nyumba kubwa ya tajiri mmoja wa zamani, kando ya mto, wanasema ina miaka mia nne. Sasa imekuwa ya kutembelewa. Wafanyakazi wanavaa nguo za zamani zile, wanasimama kwenye vyumba na kuwaeleza wageni watu walivyokuwa wakiishi. Mwanaidi wamempa jiko. Gauni mpaka chini, aproni, na hilo kawa kichwani. Kabla ya hapo alikuwa anasafisha maofisi alfajiri, anatoka watoto wamelala, anarudi wamekwenda shule. Hii kazi ya jikoni aliipata kwa majaribio, na leo ndiyo siku ambayo bosi wake alisema atamwambia kama anabaki au anaondoka. Nilimsikia jana akimwambia Rajabu, "Nikiikosa hii, narudi kwenye alfajiri." (Sikuwa nasikiliza. Kuta za huku nyembamba.)

Basi nikajiapiza. Nikasema leo mimi ni mgeni wa heshima, sitamwaibisha mtoto wa watu. Nikavaa kitenge changu cha maana, juu yake koti la Rajabu, mikono ya koti inanifika magotini.

Tukafika. Mwanaidi yuko jikoni anaeleza watu, na mimi sikuelewa hata neno, lakini niliangalia watu. Hakuna aliyeangalia pembeni. Anaonyesha moto, wote motoni. Anaonyesha sufuria, wote kwenye sufuria. Nikajisikia kifua kimepanuka. Mimi na Mwanaidi hatujagombana hata siku moja, lakini na kuzungumza hasa, kule kwa kucheka mpaka mtu anajifuta machozi, bado. Ni "shikamoo mama", "marahaba", chai, kila mtu kwake. Nikasema leo nikirudi nyumbani nitamwambia neno zuri.

Ndipo akaja mtu akamwita, bosi anamtaka ofisini. Mwanaidi akamwambia Rajabu nikae kwenye benchi nipumzike, anarudi sasa hivi. Papo hapo Idi akabanwa na mkojo. Rajabu akambeba mbio, na choo cha nyumba ile kiko ng'ambo ya bustani, tajiri huyo na utajiri wake wote. Tukabaki mimi na Yusra, na mzee mmoja wa Kizungu aliyekaa mlangoni na beji.

Nikakaa. Nikatazama jiko.

Wenzangu, jiko lile linatosha kulaza ng'ombe. Moto unawaka, moto wa kweli lakini mdogo, wa heshima tu. Sakafuni wametandaza majani makavu. Mezani machungwa yamechomekwa karafuu mwili mzima kama yana ndui, na malimau, na mikate. Yote yamezungushiwa kamba nyekundu wageni wasisogee. Mpaka hapo sina neno. Halafu macho yakapanda ukutani.

Sufuria. Nyeusi ti. Zimepangwa kubwa kwa ndogo, zote zina masizi mpaka shingoni. Na ile kubwa ya katikati ni shaba! Shaba naijua mie. Bibi yangu alikuwa nayo moja ya kupikia pilau za harusi, ukiipita unajiona mpaka meno. Hii ya hapa imevaa masizi kama imefiwa.

Akili ikaniambia, kwisha. Bosi anakuja kukagua na mkwe wangu amejisahau. Atakosa kazi kwa vitako vya sufuria.

Sasa nyie mnanijua. Kwetu mwanamke hakai kwenye kiti kwenye nyumba yenye shughuli, vyombo vichafu vikamkodolea macho. Unaingia, unajifunga kanga, unauliza majivu yako wapi. Na ruhusa huombi. Ukiomba ruhusa, watu wanajua ulitaka ukataliwe. Tena niseme ukweli wote, nilijifikiria na mimi. Mkwe akionekana mchafu, anayesemwa ni mama mkwe.

Nikavua koti, nikapita chini ya kamba.

Yusra akasema, "Bibi, noo." Halafu akaongeza mengine mengi, na kwa mikono yake nikajua anasema haparuhusiwi, hapaguswi. Nikamjibu hapaguswi na wageni, sisi tuna mtu wetu hapa. Akavuta kofia ya sweta lake mpaka puani. Yule mzee wa mlangoni akanitazama. Nikamwinamishia kichwa, naye akaniinamishia. (Baadaye alijitetea kwamba aliniona naingia kwa kujiamini, akajua ni mfanyakazi mpya.)

Nikaitungua sufuria ya shaba. Nikachota majivu pembeni ya moto, nikakata limau, nikakunja fungu la yale majani ya sakafuni kuwa kumbi la kusugulia. Nikachuchumaa. Magoti haya, ambayo ngazi za treni yanazigomea, leo yalikunjika yenyewe kama ya msichana.

Na masizi yakatoka. Yalitoka upesi, laini, yanateleza. Nikasema Wazungu bwana, hata masizi yao hayana ubishi.

Watu wakaanza kusogea. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kitu. Nikamjibu kwa ninavyojua, "Anza na chini, mwanangu. Chini ndiko kunakosemwa." Akatikisa kichwa kwa adabu, akampiga Yusra jicho la kuomba msaada. Yusra akaiondoa kofia puani, akaeleza. Alieleza kwa maneno mengi kuliko niliyosema mimi, na mikono juu, na watu wakasema "aaa". Nikaona anaanza kunogewa.

Mtoto mmoja wa Kizungu akapita chini ya kamba, akachuchumaa pembeni yangu. Nikampa sufuria ndogo. Dada yake naye akaja. Nikampa mfuniko. Kufumba na kufumbua nina safu ya watoto wanasugua, majivu mpaka kwenye viwiko, na babu mmoja mrefu ametundika koti lake kwenye msumari wa miaka mia nne anasugua kikaango, ulimi nje kwa bidii. Anayesugua vibaya namrudisha. Wanapiga picha. Yule mzee wa beji naye akaniletea ndoo ya maji. Mimi hapo ndipo nilipojiona nimefika London.

Halafu watoto wakaacha kusugua.

Nikainua kichwa. Mwanaidi yuko mlangoni na bosi wake, mama mrefu mwembamba, miwani imening'inia kwa mkufu. Mwanaidi alikuwa anakuja na tabasamu, nililiona mwisho wake likiondoka. Rajabu yuko nyuma yao na Idi begani, anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeangalia gari lake likiburutwa.

Mimi sikuelewa. Nikajua wamepigwa na uzuri. Nikaibeba ile shaba kwa mikono miwili, inang'aa kama jua la saa nne, nikamsogezea bosi mpaka chini ya kidevu. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole ili aelewe, "Karibu mama. Sasa unaweza kujitazama."

Na akajitazama. Akajiona mdomo wazi. Akarudi nyuma akakaa kwenye kigoda chenye kibao kinachokataza watu kukikalia.

"Mama," Mwanaidi akasema. "Umefanya nini?"

"Nimekusaidia."

"Mama, hayo masizi ndiyo wanayokuja kuyaona."

Nikacheka. Nikajua ni utani, nikasema leo ndiyo siku yetu ya kutaniana. Nikacheka peke yangu, jamani, chumba kizima, mpaka kicheko kikafika ukutani kikarudi.

Akanieleza. Kwamba katika nyumba hizi weusi hausafishwi. Weusi ndiyo mali. Watu wanatoka mbali kuja kuona moto wa zamani ulivyozifanya sufuria. Alikuwa anawaeleza hayo kila siku, masizi ya miaka mia nne, na wageni wanasema "aaa". Na mimi nimeyamaliza kwa limau.

Nikashika meza, chungwa lenye ndui likaanguka. Na nyuma yangu bado nasikia krosh, krosh, krosh, ni yule babu, hajamaliza kikaango chake. Ikabidi Rajabu akamshike bega.

Bosi akapiga simu. Akaitwa fundi wao wa vitu vya kale, naye alichelewa kuja, na kule kuchelewa kwake ndiko kulikonizeesha. Wageni nao hawaondoki, nani aondoke pale. Halafu bosi akamgeukia Mwanaidi, akamuuliza kitu kwa sauti ndogo.

Yusra akaja akasimama karibu yangu. Akaninong'oneza, na kwa Kiswahili, cha kwanza tangu nimfahamu. "Anauliza, huyu ni nani."

Nikajua tumefika. Angeweza kusema ni mgeni tu, ni bibi mmoja kapotea njia. Mimi mwenyewe ningemwelewa. Kazi ni kazi, na alfajiri za huku zina barafu. Mwanaidi akanitazama, na majivu yangu, na shaba yangu mkononi. Akajibu neno fupi.

"Amesema nini?"

"Amesema, mama yangu."

Nikangoja aongeze lile neno la ukwe, maana Yusra alishaniambia hata Kiingereza kinalo. Hakuongeza. Nikaangalia chini, kuna majani mengi ya kutazama sakafuni.

Fundi akaja. Bwana mfupi, glavu nyeupe, tochi. Akaipokea sufuria kama mtoto mchanga. Akaigeuza, akaimulika, akainusa. Akaigeuza tena. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka mpaka tochi inacheza ukutani.

Mwanaidi akanifasiria, sufuria si zenyewe! Zenyewe za kale ziko juu ghorofani, kwenye kabati la kioo, limefungwa. Hizi za jikoni ni za kuigiza, zimetengenezwa juzijuzi zishikwe na moto wa maonyesho, na yale masizi aliyapaka yeye mwenyewe, nta na unga wa moshi, ndiyo maana hayakuwa na ubishi. Bosi hakujua, na yeye aliikuta nyumba na sufuria zake. Mwanaidi ndiyo kabisa. Miezi yote hiyo mtoto wa Pangani anawahadithia watu nta.

Nikataka kuondoka. Nikachukua koti. Lakini bosi hakucheka, akavaa miwani. Akasema kesho kuna watoto wa mabasi mawili wanakuja kuona jiko jeusi, kwa hiyo kabla ya kufunga, jiko liwe jeusi. Na yale mazungumzo yao ya ofisini, yeye na Mwanaidi, walikuwa hawajayamaliza. Watayamalizia hapohapo.

Fundi akaleta nta na kopo la unga mweusi. Mwanaidi akakunja mikono ya gauni.

"Kaa, Mama," akasema. "Uliyoyatoa, tunayarudisha."

Nikakaa chini, mbele ya walewale wageni niliowafundisha kusugua, naanza kuchafua. Yule mtoto wa kwanza aliponiona napaka weusi sufuria aliyoitolea jasho, alinitazama kama nimemla kuku wake. Na mikono yangu haijui kazi hiyo. Napaka kwa mkono wa kulia, wa kushoto unafuata nyuma unafuta wenyewe. Mkono mzee haupokei amri mpya.

Mwanaidi kasimama juu yangu, kawa kichwani, mikono kiunoni. "Hapo peupe."

Napaka.

"Na hapo chini. Mama, unasugua. Paka, usisugue."

"Ndiyo, nimepaka."

"Rudia."

Rudia! Mimi! Mimi niliyewarudisha wasichana wa mtaa mzima pale Ngamiani na sufuria zao, leo narudishwa kwa sababu nimefanya safi. Nikamtazama. Naye akanitazama, ana doa jeusi puani. Sijui nani alianza. Tulicheka, wenzangu, tulicheka mpaka akakaa chini na gauni lake lote, akanishika bega na mkono wa masizi, na kitenge changu cha maana kikaishia hapo.

Tulipomaliza bosi akaja. Akapitisha kidole chini ya sufuria, taratibu, kama mama mkwe yeyote wa kwetu anavyofanya. Kidole kikatoka cheusi. Akakiinua juu akakitazama kwenye mwanga, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Nimeishi, nimeona mengi. Hilo sikuwahi kuliona.

Akamwambia Mwanaidi maneno. Mwanaidi akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, na alipovitoa alikuwa na ndevu za masizi. Rajabu akamrusha Idi juu. Yusra akaniambia, tena kwa Kiswahili, "Amepata, Bibi." Halafu akasikiliza kidogo akaongeza, "Lakini amesema wewe ukija tena, ukae nje ya kamba."

Nimekubali. Kamba ni yao.

Kwenye treni kurudi, nina masizi mpaka masikioni. Treni lilikuwa limejaa, lakini viti vyote viwili vya pembeni yangu vilibaki wazi. Mwanaidi akaja akakaa kimoja, akaniegemea, akalala mpaka Hounslow.

Tumekula sasa hivi. Nikainuka nikusanye sahani nioshe, kama mtu aliyelelewa. Mwanaidi akaninyang'anya sponji, akapanda kiti, akaliweka kabati la juu kabisa nisikofikia. Akasema nikae, niwaandikie wenzangu.

Basi nimewaandikia. Atakayecheka, nitamjia nyumbani kwake bila hodi, nimsugulie sufuria zake.